Nyumba ikawa wodi: kutibu mtaani Mombasa wakati wa korona

Madaktari vijana wanaokuja kujifunza kwetu huniuliza kliniki ilibadilika vipi wakati wa korona, na wengi hutarajia nitaje barakoa, sanitaiza na kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso. Vyote tulikuwa navyo. Lakini kilichotuvusha kilikuwa kwenye mafaili yetu kabla ugonjwa haujaingia nchini: tulijua nani anaishi na nani, nyumba ipi ina chumba cha ziada na ipi watu hulala wanane chumbani, bibi gani hawezi kusoma pakiti ya dawa na mjukuu gani humsomea. Nataka kueleza habari hizo ndogondogo zilivyokuja kuwa chombo cha kazi, maana naona zinaanza kusahaulika.

Kliniki yetu ni ya mtaani, vyumba viwili na dirisha la dawa, mwendo wa miguu kutoka Mji wa Kale wa Mombasa. Mimi ni daktari wa familia. Fani hii ni changa Kenya. Mafunzo yake ya uzamili yalianza Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, na hadi leo tu wachache. Kazi yetu ni kumtibu mtu pamoja na walio nyumbani mwake, kuanzia mtoto mchanga hadi babu mwenye presha, na kubaki nao miaka nenda miaka rudi.

Kisa cha kwanza kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi haujaisha, kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke. Mgonjwa wangu wa Mtwapa au Ukunda, aliyezoea kupanda matatu asubuhi na kurudi kwake adhuhuri, sasa alikuwa ng'ambo ya kizuizi. Ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesimama, hoteli za pwani zikafunga milango, na wapishi, madobi na madereva wa watalii ninaowatibu wakarudi majumbani bila mshahara.

Tulianza na benchi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakikaa bega kwa bega kwenye chumba cha kungojea, mtoto anayekohoa ubavuni mwa mama mjamzito. Tukalitoa benchi, tukagawa siku. Asubuhi na mapema ilikuwa ya watoto wa chanjo na kina mama wajawazito, kabla mtu yeyote mwenye homa hajakanyaga pale. Wenye homa na kikohozi walikuja baadaye, na hao sikuwaingiza ndani kabisa. Jengo letu lina baraza ya mawe mbele kama nyumba nyingi za huku, na pale barazani, penye kivuli na upepo wa bahari, ndipo nilipowasikiliza mapafu. Wakati huo maelekezo mengi yalikuwa ya kunawa mikono na kufuta meza. Sisi tuliotibu kifua kikuu kwa miaka tulikuwa tumeshajifunza kuogopa chumba kisicho na hewa, kwa hiyo madirisha yetu yalikuwa wazi toka siku za mwanzo. Shirika la Afya Duniani lilipokuja kusema, Julai 2020, kwamba maambukizi ya hewani ndani ya vyumba vilivyojaa watu hayawezi kupuuzwa, hatukuwa na la kubadilisha.

Barazani kulikuwa na tatizo lake: wapita njia. Mtu hawezi kueleza uchungu wa mkojo huku jirani akipita na kikapu cha samaki. Tukatundika leso mbili kwenye kamba, basi ikawa hivyo.

Mashine ya kurushia mvuke wa dawa ya pumu tuliifungia kabatini, kwa sababu ilihofiwa kutawanya virusi chumbani. Watoto wenye pumu walihitaji njia nyingine siku hiyohiyo. Nikarudia njia ambayo madaktari wa Afrika Kusini waliifanyia utafiti zamani na kuona inafaa: chupa ya maji ya nusu lita. Unaikausha vizuri, unatoboa kitako chake tundu lenye umbo la mdomo wa pampu ya dawa, unapenyeza pampu, unaziba pembeni kwa plasta. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anavuta taratibu mara kadhaa, ndipo unabonyeza tena. Kina mama walijifunza kwa kutazama mara moja. Yupo aliyerudi kunionyesha yake, ameilainisha kingo za tundu kwa kisu cha moto ili pampu ikae bila kuchezacheza. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, na tangu hapo ndiyo ninayofundishia.

Halafu simu. Madaktari wa mtaani wa Uingereza waliagizwa Machi 2020 wamchuje kila mgonjwa kwa simu au mtandaoni kabla hajafika, na wengi wao tayari walikuwa na mifumo ya kompyuta ya kazi hiyo. Sisi tulikuwa na simu moja ya kliniki, yangu mwenyewe, na wagonjwa ambao nusu ya nyumba zao zilikuwa na simu za mulika mwizi zisizo na picha. Bando lilikuwa ghali kwa mtu aliyekosa mshahara. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepiga. Malipo yalikuja kwa M-Pesa, na nafuu ilikuwapo maana ada za kutuma hadi shilingi 1,000 ziliondolewa Machi ileile. Wengine walilipa miezi baadaye. Wengine hawakulipa, na sikuwadai.

Kumpima mtu kwa simu ni ufundi unaojifunza ukiwa na woga. Nilianza kwa kumwacha azungumze. Mtu anayemaliza sentensi ndefu bila kuikata ana nafasi kifuani. Anayesema maneno mawili, akanyamaza, akaongeza mawili, huyo tuktuk inaitwa tukiwa bado tunaongea. Baada ya hapo nilimwita mtu mwingine wa nyumbani ashike simu. Hapa ndipo faili lilipofanya kazi. Sikumwita yeyote tu. Nilijua kwenye nyumba ile binti wa pili ndiye mtulivu, na kwamba kaka mkubwa ataniambia kila kitu ni shwari kwa sababu hapendi hospitali. Nilimwambia binti: mtazame mama kifuani, usimwambie unahesabu, kila kinapopanda useme "hapo". Mimi nilikuwa na saa mkononi. "Hapo. Hapo. Hapo." Zikizidi 24 kwa dakika moja kwa mtu mzima aliyetulia, sikungoja dalili nyingine.

Baadaye tukapata vipima oksijeni vya kidole, vichache. Havikuwa vya kukaa kliniki. Kijana wa boda alivizungusha nyumba hadi nyumba ndani ya kibuyu cha plastiki chenye mfuniko, nasi tukivifuta kwa spiriti vikirudi. Nilikuwa na daftari la nani anacho. Ugonjwa huu ulikuwa na hila iliyotushangaza sote: mtu anakaa, anakunywa chai, anakwambia yuko sawa, na oksijeni ya damu imeshashuka mno. Tuliwaambia watu wapime wakiwa wametulia, kisha watembee ndani ya chumba na kupima tena. Ikiwa chini ya 94, nipigie. Chini ya 90, usinipigie kwanza, toka uende hospitali.

Somo la kile kifaa lilikuja na Idi. Nyumba moja ya Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, mama mmoja alisomeka chini sana, na sauti yake haikulingana kabisa na namba. Nikamuuliza bintiye, kucha zina nini? Zilikuwa na piko. Rangi nyeusi ile huzuia mwanga wa kifaa kupita. Tukahamia kidole cha mguu, namba ikapanda. Toka hapo swali la hina na piko liliingia kwenye mazungumzo ya kwanza, pamoja na la mikono baridi. Ya kutisha zaidi ilikuwa kinyume chake. Desemba 2020 ulichapishwa utafiti wa hospitali za Marekani ulioonyesha kwamba vipima hivi hukosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Yaani kifaa kinasoma vizuri, na damu haina hewa ya kutosha. Nilikasirika kusoma vile, na bado nakasirika, kwamba kifaa kilichokuwa vidoleni mwa dunia nzima kilikuwa na udhaifu huo kwa ngozi kama zetu. Kuanzia siku ile sikuiamini namba moja peke yake. Tuliandika asubuhi na jioni, tukatazama inaelekea wapi, na pumzi za kuhesabu kwa macho zilibaki juu ya yote.

Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Kufungwa kule kulitangazwa kwa siku 15, kukaongezwa hadi mapema Juni. Kliniki yetu iko nje ya mipaka iliyowekwa, na wagonjwa wetu wengi walikuwa ndani. Dawa zilipita kwa wahudumu wa afya wa jamii, kwenye mifuko ya karatasi iliyoandikwa jina la mwenyewe na la nyumba kwa kalamu nzito. Tuliacha kutoa dawa za presha na sukari za mwezi mmoja. Tulitoa za miezi miwili au mitatu kila akiba iliporuhusu.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani huwaita wenye kisukari mmoja mmoja. Mwaka ule niliifanya kazi hiyo kwa simu, mara nyingi alasiri, wakati nyumba imepoa na futari bado haijaanza kupikwa. Dozi kubwa ya dawa ikahamia kwenye futari. Anayetumia glibenklamidi, ambayo hushusha sukari kwa nguvu, nilimbana zaidi kwa maswali. Na lile ambalo wazee hawapendi kulisikia nililisema waziwazi: sukari ikishuka chini ya 3.9, fungua, hata kama imebaki robo saa kwa magharibi. Babu mmoja alinijibu, "Mwanangu, hii saumu yangu nimeifunga tangu sijaota ndevu." Nikamwambia, "Shikamoo babu. Na mimi nataka uifunge mwakani pia." Akacheka, akampa mkewe simu, na mkewe ndiye aliyeandika namba zile.

Watu walikuwa wanaficha ugonjwa. Nalisema hili bila kuwalaumu. Miezi ya mwanzo, mtu aliyepelekwa karantini alidaiwa gharama za kukaa kwake huko, na wapo waliobaki ndani muda umekwisha kwa sababu hawakuwa na pesa za kutokea. Mazishi yalikuwa na watu 15, yamekwisha haraka, hitma hakuna, na wanawake waliozoea kukaa na wafiwa siku tatu walikaa makwao wakilia kwa simu. Nani atajitokeza kupimwa akijua hayo? Nilipopigiwa na kuambiwa "ni mafua tu ya upepo, daktari", sikubishana. Niliuliza wangapi nyumbani wana mafua hayo ya upepo, nani analala na babu, nani anampelekea chakula. Majibu yalinipa ramani ya nyumba, na juu ya ramani ile tulipanga: babu ahamie chumba cha dirisha, chakula apelekewe na mtu mmoja tu, vyombo vyake vioshwe peke yake, mlango wa uani uwe wazi mchana kutwa. Kipimo kingeweza kuja baadaye.

Juni 2020 serikali ilitoa mwongozo wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio mahututi. Kwetu ilikuwa kama kuruhusiwa kufanya waziwazi tulichokwisha kukianza, na watu nao wakalegea. Simu zilizidi. Ndipo nilipogawa wagonjwa kwa nyumba badala ya majina: ukurasa mmoja wa daftari kwa nyumba moja, anayepiga simu juu, mgonjwa katikati, aliye hatarini chini. Muuguzi mwenzangu alikuwa na kurasa zake, mimi zangu, na jioni tulibadilishana habari kwa dakika chache kabla ya kukimbilia kafyu.

Mwezi huohuo, tarehe 16, matokeo ya majaribio ya Uingereza yalitangazwa kwamba deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, inapunguza vifo: kwa karibu theluthi kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa karibu moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni tu. Dawa ya bei rahisi, inayopatikana kila mahali. Nilifurahi mno. Kwa wasiohitaji oksijeni majaribio yaleyale hayakuonyesha faida, na sehemu hiyo ya habari haikusafiri. Baada ya muda niliwakuta watu wanaimeza siku ya kwanza ya kikohozi, wamenunua dukani kwa ushauri wa jumbe za WhatsApp. Dawa hii hupandisha sukari, na mji huu una kisukari kingi. Sukari zilipanda hadi kipimo kikaandika tu kwamba iko juu. Hayo ndiyo mapambano yaliyonichosha kuliko yote. Kujifukiza kwa mwarobaini na malimau sikukupinga, isipokuwa kwa watoto, kwa hofu ya maji moto. Mtu alipata faraja na pua ikafunguka. Lakini deksamethasoni na azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, za kujinunulia nilizipinga kila siku, kila nyumba, na nilimwomba mwenye duka la jirani, kwa upole na kwa kurudiarudia, aniite kabla hajauza. Alikubali, na aliniita kweli.

Simu haikufaa kwa kila jambo, na wale wanaosema sasa kila kitu kinaweza kutibiwa kwa simu hawajawahi kumpigia mwanamke aliyefungiwa ndani na mume anayempiga. Nilimjua mmoja tangu ujauzito wake wa kwanza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, anajibu kwa neno moja. Nikaacha kuuliza maswali yanayohitaji maelezo, nikauliza ya ndiyo na la. Uko peke yako? La. Umeumia? Ndiyo. Nikasema kwa sauti ya kazi kwamba mtoto amepitwa na chanjo, amlete kesho asubuhi na kijitabu chake. Alikuja. Asubuhi ile ya watoto, mbali na wanaume wenye homa wa mchana, ikawa saa ya usalama kwa mambo ambayo sikuwa nimeyapangia, na ndiyo maana hatukuifuta hata baada ya hofu kupungua.

Hewa ya mitungi ilikuwa haba, na hilo sitalipamba. Wapo niliowapeleka wakakuta hakuna kitanda, wakarudi. Tulichoweza ni kuwalaza kifudifudi wakati wa kungojea, mto chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, na kumwachia mtu wa nyumbani kazi ya kuhesabu. Wengine walifariki nyumbani kwao nikiwa nawasikia kwa simu. Niliwapigia wafiwa siku ya tatu, ya saba na ya arubaini. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo chuoni. Ndivyo wanavyofanya watu wa huku, na kwa kuwa mikusanyiko ilikatazwa, simu ya daktari ilihesabika.

Chanjo ilifika tarehe 3 Machi 2021, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, na baada ya wahudumu wa afya zamu ikawa ya wenye umri wa miaka 58 na zaidi. Nilirudi kwenye kurasa za nyumba nikawapigia waliokuwa chini kabisa ya kila ukurasa. Wengi walisita. Niliwaambia nimechanjwa, mkono uliuma siku mbili. Bibi mmoja alisema atakwenda iwapo nitakwenda naye, nikaenda naye kwa tuktuk. Kisha dozi za pili zikachelewa, maana India ilizuia kuuza nje ilipozidiwa na wimbi lake, na wale niliowasihi wakanipigia wao sasa: "Daktari, ya pili iko wapi?"

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Benchi limerudi, fupi zaidi, na liko barazani. Asubuhi bado ni ya watoto. Saa ya simu za alasiri ipo, hasa kwa wenye kisukari walio mbali. Daftari la nyumba tulihamishia kwenye kompyuta, na programu tuliyonunua haikuwa na nafasi ya kuandika nani anaishi na nani. Ina nafasi ya jina, umri na namba ya bima. Tulimwomba aliyetuuzia aongeze safu tatu: anayepiga simu, anayelala chumba kimoja na mgonjwa, aliye hatarini zaidi. Aliuliza za nini. Tulimweleza, akaziweka, na madaktari vijana wanaokuja kwetu sasa hujaza hizo tatu kabla hawajagusa kipima presha.